Kamba Mguuni

Nilimnunua Ilala, tengani, Jumamosi ya jua kali:
kidimu, manyoya yamejikunja kinyumenyume
kama mtu aliyeamshwa ghafla akaitwa barazani.
Mwuzaji akaapa kwamba anataga. Ndivyo waapavyo.
Nikamfunga kamba, maana kuku mgeni hakosi,
na siku tatu akauzunguka mpapai
hadi ardhi ikachorwa duara.
Siku ya nne nikaikata kwa mkasi wa kushonea.
Akabaki palepale.
Hakujua amefunguliwa.

Ua wangu hapa Kimanga ni hatua kumi na nne:
karo, kamba ya nguo, ndoo za akiba ya maji,
na banda nililopigilia kwa mbao za kitanda cha marehemu.
Wanasema kuku akinywa huinua kichwa kushukuru.
Mimi nimekaa naye. Anamtazama kunguru.
Kunguru wa mji huu hawana huruma:
vifaranga kumi na mmoja, wanne walikwenda angani
wakilia kwa sauti nyembamba kuliko uzi.

Lakini yai la kwanza!
La moto, lina mstari wa damu.
Nililishika kwa mikono miwili, kama simu ya watu.
Nikamwambia Stumai, peleka kwa Mama Ndimyake,
ni fidia ya matembele yake.
Akarudi na yai lilelile na fungu la matembele juu:
"Kasema kuku hajui mpaka wa kiwanja."

Mwezi wa nane mdondo ukaingia mtaa wa nyuma.
Chanjo ni tone moja tu jichoni.
Nilisema wiki ijayo; nilikuwa na sare za shule, sketi arobaini.
Wiki ijayo ikafika, nao wamesimama shingo zimepinda,
wanatafuta kitu nyuma ya migongo yao.

Usiku akabisha Kibwana wa chipsi.
"Mama Stumai, nipe wanaosinzia, elfu nne nne.
Mafuta ya moto hayaulizi."
Ningependa kusema nilimfukuza.
Nilimpa watatu.
Elfu kumi na mbili, nikanunua uzi wa bluu.
Kesho yake mwanangu akaomba hela ya chipsi kuku,
nikasema hapana
kwa sauti iliyomfanya aangalie miguu yake.

Waliobaki niliwachimbia shimo refu, nikamwaga majivu.
Kidimu peke yake hakuugua. Sijui kwa nini. Hakuna aliyestahili zaidi.

Sasa tarehe za chanjo nimeziandika mlangoni kwa chaki ya kukatia nguo,
na anayenunua kwangu namwambia yote,
hata asiyouliza.
Jogoo wakizidi, namwita Pazi, fundi baiskeli.
Kwanza maji. Kisu kinolewe kule nje, asikione.
Mwenzake asiwepo.
Mimi simgeuzii uso: nimemlisha pumba miezi minane,
siwezi kujifanya nina kazi jikoni.
Na mchuzi ukiiva nala, tena nalamba vidole.
Firigisi ya Stumai. Nani alisema ni ya wanaume?

Kidimu hatagi tangu mfungo uliopita.
Majirani wananihesabia pumba:
"Huyo unamfuga au anakufuga?"
Sina jibu la kuwatosha.
Alasiri anaruka juu ya meza ya cherehani,
anadonoa vifungo, anavikataa kimoja kimoja,
kisha analala juu ya kitambaa cha mteja
nami nasubiri, sindano imesimama.

Mguuni bado ana kile kipande cha kamba.
Siku ile sikukata vizuri.
Kila nikiinama nikitoe, anakimbia,
anasimama mbali, ananiangalia kwa jicho moja.
Anazijua hesabu zangu.
Namwachia.